Nyuki, Mamba na Kicheko cha Mtoto: Juu ya Kudumu kwa Ushairi wa Kuchekesha

Uhakiki wa fasihi ya watoto, katika Kiswahili kama katika lugha nyingine nyingi, umezoea kuanza na swali moja: je, shairi hili linamfunza mtoto nini? Swali hilo lina uhalali wake, hasa katika jamii ambamo kitabu cha mtoto hununuliwa kwa taabu na, mara nyingi, hununuliwa kwa kuwa kimo katika orodha ya shule. Hata hivyo, halijafaulu kueleza jambo ambalo historia ya utanzu huu inalidhihirisha tena na tena, nalo ni kwamba mashairi mengi yaliyotungwa kwa nia ya kufunza huchakaa, ilhali baadhi ya yale yaliyotungwa ili kuchekesha, ambayo aghalabu yalishutumiwa yalipozaliwa, huvuka vizazi. Makala haya yanadai kwamba mvuto huo wa kudumu hautokani na wepesi wa mashairi yenyewe, wala na kile ambacho wahakiki hukiita kwa haraka "burudani" kisha wakaendelea na mambo mengine. Unatokana na nafasi ambayo shairi la kuchekesha humpa mtoto, yaani nafasi ya mjuzi. Dai hilo linachunguzwa hapa kupitia mamba wawili, mmoja wa Uingereza wa mwaka 1865 na mwingine wa Urusi wa mwaka 1917, pamoja na gharama aliyoilipa mtunzi wa huyo wa pili.

Kabla ya mamba alikuwako nyuki. Mwaka 1715 Isaac Watts, mchungaji anayejulikana zaidi kwa tenzi za kanisani, alichapisha mkusanyo wa nyimbo za kidini za watoto uitwao Divine Songs. Mkusanyo huo ulipigwa chapa mara nyingi mno kwa zaidi ya karne moja, na baadhi ya beti zake zikawa sehemu ya malezi ya kila siku: mtoto alizihifadhi, akasimamishwa mbele ya wakubwa, akazighani. Mojawapo ya mashairi yaliyovuma kuliko yote lilikuwa lile la nyuki mchapakazi, ambaye bidii yake inamwonya mtoto dhidi ya uvivu. Ni haki kusema kwamba Watts hakuwa mtunzi dhaifu. Mizani yake ni safi, lugha yake ni nyepesi kwa makusudi, na alitambua mapema kuliko wengi kwamba mtoto hukumbuka kwa sikio. Nyuki wake, hata hivyo, leo anajulikana na wachache, na wengi wa hao wachache wamemjua kwa sababu ya mnyama aliyemla.

Mnyama huyo alitokea Oxford. Mwaka 1865 Charles Dodgson, mhadhiri wa hisabati katika chuo cha Christ Church, alichapisha kwa jina la Lewis Carroll kisa cha Alice's Adventures in Wonderland. Katika sura ya pili, Alice, ambaye mwili wake umekwisha kupungua na kurefuka kinyume cha desturi, anaanza kushuku kwamba pengine yeye si yeye tena. Anajipima kwa njia pekee anayoijua, ambayo ni elimu ya darasani. Anajaribu kuzidisha namba, zinamponyoka. Anajaribu miji mikuu, nayo inavurugika. Kisha anaikunja mikono mapajani kama mwanafunzi anayesikilizwa somo na kuanza shairi la nyuki. Anayetoka kinywani mwake si nyuki bali mamba wa mto Nile, anayeushughulikia mkia wake kwa bidii ile ile na kuwakaribisha samaki wadogo kwa taya zenye tabasamu.

Inafaa kutazama kwa makini ni nini hasa Carroll alikigeuza. Hakuigusa mizani. Hakuigusa sauti ya sifa, ile sauti ya mtu mzima anayemwonyesha mtoto kiumbe cha kuigwa. Alimtoa kiumbe mmoja tu na kumweka mwingine, kama mwanahisabati anayebadilisha thamani moja katika mlinganyo na kuiacha mizani ya pande mbili ijisemee. Bidii bado inasifiwa. Ila sasa ni bidii ya mlaji. Mtoto wa mwaka 1865, aliyekwisha kulazimishwa kumhifadhi nyuki, alicheka kwa sababu alijua kilichopaswa kusemwa, na kicheko chake kilikuwa ushahidi wa ujuzi huo.

Hapa pana pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Ikiwa kicheko kinategemea kumjua nyuki, kwa nini mamba ameendelea kuwachekesha watoto wasiomjua Watts hata kwa jina? Pingamizi hilo ni zito zaidi kwa msomaji wa Kiswahili. Kisa cha Alice kilitafsiriwa na E. V. St Lo Conan-Davies kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu na kuchapishwa London mwaka 1940, na Ida Hadjivayanis akakitafsiri upya mwaka 2015. Kila mfasiri wa kitabu hiki hukutana na kikwazo kile kile, kwamba mwigo wa kejeli humtaka msomaji awe na kile kinachoigwa, na mtoto wa Unguja au wa Mombasa hakuwahi kusimamishwa kumghani nyuki wa Watts. Jibu, kwa maoni ya makala haya, ni kwamba mtoto huyo amesimamishwa kughani kitu kingine. Anachokijua si shairi fulani, bali ni sauti: sauti ya mkubwa anayesifu wema. Sauti hiyo haina taifa. Mtoto anapoisikia ikimsifu mamba kwa unadhifu wa mkia na ukarimu wa taya, anafahamu papo hapo kwamba sauti imekosea njia, na anafahamu kabla ya sauti yenyewe kufahamu.

Ni mwandishi wa Kirusi aliyeieleza kanuni hii kwa ukamilifu zaidi, na hakuipata katika vitabu. Kornei Chukovsky alizaliwa St Petersburg mwaka 1882 kwa jina la Nikolai Korneichukov, mtoto wa nje ya ndoa, akalelewa na mama yake Odessa. Alijifunza Kiingereza peke yake. Mwaka 1903 gazeti moja la Odessa lilimtuma London kuwa mwandishi wake, naye huko akatumia muda mwingi kusoma katika maktaba ya British Museum. Nyimbo za watoto wa Kiingereza alizozifahamu baadaye alizitafsiri kwa Kirusi, na baadhi yake zimekaa katika lugha hiyo kama zilizozaliwa humo. Aliporudi alijijengea jina la mhakiki mkali. Ushairi wa watoto ulimjia akiwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wake mwenyewe, na kwa masimulizi yake, shairi lake la kwanza la aina hiyo lilianza ndani ya garimoshi usiku, alipokuwa akimrudisha nyumbani mwanawe mgonjwa na kumtuliza kwa maneno yoyote yaliyokubaliana na mdundo wa magurudumu.

Shairi hilo, Krokodil, lilianza kuchapishwa mwaka 1917. Mamba anatembea katika barabara za Petrograd akivuta sigara na kusema Kituruki. Umati unamzomea. Anammeza mbwa, anammeza polisi pamoja na buti zake, na watu wazima wote wanatimua mbio isipokuwa mtoto mmoja, Vanya Vasilchikov, mwenye upanga wa kuchezea. Polisi anatapikwa akiwa mzima. Baadaye wanyama wa Afrika wanaingia mjini kuwakomboa ndugu zao waliofungwa katika vizimba, na vita hivyo vinaishia katika mapatano ambayo mpenda amani yeyote angeyaonea wivu. Mtu anayesoma muhtasari huu ataona fujo. Anayelisikia shairi lenyewe kwa Kirusi atasikia mpango mkali: mizani inabadilika kila tukio linapobadilika, vina vinafuatana karibu karibu, na takriban kila mshororo unajitosheleza kwa maana. Mtu aliyelelewa katika arudhi ya Kiswahili hatashangazwa na sharti hili la mwisho, kwani utoshelevu ni neno la kale katika uhakiki wetu. La kushangaza ni kwamba Chukovsky alilifikia kwa kuwasikiliza watoto wa miaka mitatu wakitunga.

Aliwasikiliza kwa daftari mkononi, kwa miaka mingi. Matokeo yalikuwa kitabu kilichotoka kwanza mwaka 1928 na kujulikana baadaye kwa jina la Ot dvukh do piati, yaani kutoka miaka miwili hadi mitano. Kiini cha kitabu hicho ni tukio dogo la nyumbani. Binti yake mdogo, Maria, aliyeitwa Mura, alikuwa katika mwezi wake wa 23. Alikuwa amejifunza si muda mrefu kwamba mbwa hubweka na paka hulia nyau. Siku moja alimjia baba yake akiwa na uso wa ukorofi na haya kwa pamoja, akamtangazia kwamba mbwa analia nyau, kisha akacheka kicheko cha kumwalika baba acheke. Baba alielewa, akajibu kwa kinyume kingine, na mchezo ukaendelea. Chukovsky alichokiona hapo ndicho ambacho wataalamu wa malezi wa wakati wake hawakukiona. Mtoto hakukosea. Mtoto alikuwa amefika mahali ambapo ujuzi wake ulikuwa imara kiasi cha kuweza kuuchezea. Asingalicheka kama angalikuwa na shaka juu ya mbwa.

Chukovsky alilazimika kubuni istilahi ya Kirusi kwa mashairi ya aina hii. Kiswahili kinalo neno tayari. Katika mchezo wa kinyume, watoto wa pwani huitanguliza silabi ya mwisho ya neno, hivi kwamba samaki huwa kisama na maji huwa jima, na anayeshindwa kufuata ndiye anayechekwa. Mchezo huo haumpotoshi yeyote katika lugha. Anayeumudu ni yule tu ambaye silabi za neno lililonyooka amezishika barabara.

Yafaa kuongeza kwamba Chukovsky hakuwa adui wa mafunzo. Moidodyr, la mwaka 1923, ni shairi la kumhimiza mtoto aoge. Lakini ndani yake beseni la kunawia linapiga ngurumo kama jemadari na sponji inamfukuza mtoto mchafu mtaani. Mafunzo yamo, ila yamepinduliwa: kitu kinachotumiwa na mtu sasa kinamtumikisha mtu. Huenda hii ndiyo sababu shairi hilo la usafi lingali likisomwa, wakati mashairi mengine ya usafi ya nyakati zile yamebaki katika makabati ya maktaba.

Tarehe 1 Februari 1928 gazeti la Pravda lilitoa nafasi katika kurasa zake kumjadili mamba. Makala yaliandikwa na Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin na mmoja wa viongozi wakuu wa elimu ya Kisovieti. Hoja zake zilikuwa za aina mbili. Kwanza, shairi halimpi mtoto maarifa ya kweli juu ya mamba. Badala ya kujifunza mnyama huyo anaishi wapi na anakula nini, mtoto anapewa upuuzi wa kibepari. Pili, alishuku kwamba ndani ya upuuzi huo mna dhihaka ya kisiasa, hasa kwa umma, na kwa mshairi Nekrasov aliyeheshimiwa na wanamapinduzi. Hoja hizi mbili haziwezi kusimama pamoja kwa urahisi, kwani shairi haliwezi kuwa tupu na wakati huo huo kujaa njama. Hata hivyo zilisimama, kwa sababu mwenye kuzitoa alikuwa na mamlaka.

Mwezi uliofuata Maxim Gorky alimjibu katika gazeti hilo hilo. Jibu lake linastahili kusomwa polepole na kila mhakiki. Gorky hakuketi kumtetea mamba. Alimtetea Chukovsky kuwa mtafiti makini wa Nekrasov, akakumbusha kwamba Lenin mwenyewe aliisifu kazi yake ya kuhariri mashairi ya Nekrasov. Kicheko cha mtoto, kwa maneno mengine, kilipata wakili kwa sharti la kutotajwa. Utetezi huo ulimpunguzia mtunzi hatari kwa kitambo, lakini ulikubali kimyakimya msingi wa mashtaka, kwamba uzito wa mwandishi hupimwa kwingine na wala si hapa. Msimamo huo haujaisha duniani, na idara za fasihi si mahali pa mwisho pa kuutafuta.

Mwaka 1929 neno lililotungwa kutokana na jina lake lilikuwa tayari tusi la kiitikadi, na wazazi wa shule ya chekechea ya Kremlin walipitisha azimio la kulipiga vita. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo Literaturnaya Gazeta ilichapisha barua ambamo Chukovsky alikiri kwamba visa vyake vya awali havifai kwa ujenzi wa jamii ya kisoshalisti, akaahidi mfululizo mpya juu ya shamba la ujamaa lenye furaha. Mfululizo huo hakuutunga. Majira hayo hayo Mura, yule wa mbwa anayelia nyau, alishikwa na kifua kikuu cha mifupa. Alifariki Alupka, katika rasi ya Crimea, mwezi Novemba 1931, akiwa na umri wa miaka 11. Shajara za baba yake za miezi hiyo zimechapishwa, na ni vigumu kuzisoma. Barua ya kujikana aliijutia maisha yake yote.

Wengine hawakubaki na maisha ya kujutia. Daniil Kharms na Aleksandr Vvedensky, waliokuwa wakitungia majarida ya watoto ya Leningrad mashairi ya upuuzi wenye nidhamu ya ajabu, walikamatwa mwaka 1931, na miongoni mwa mashtaka yao ilikuwamo kazi yao ya watoto. Mwaka 1937 Kharms alichapisha katika jarida la Chizh shairi fupi juu ya mtu aliyetoka nyumbani akitembea moja kwa moja mbele, akaingia msituni asionekane tena. Kwa mtoto ni kitendawili cha kuchekesha. Kwa mzazi wa Leningrad wa mwaka huo, ambaye jirani zake walikuwa wakitoweka usiku, lilikuwa jambo jingine kabisa, na Kharms alinyimwa nafasi ya kuchapisha kwa takriban mwaka mzima. Alikufa Februari 1942 katika wodi ya gereza, mji ukiwa umezingirwa na njaa imetanda. Vvedensky alikuwa amekwisha kufa miezi michache kabla, njiani, akisafirishwa kama mfungwa.

Maana ya pili haikuhitaji daima kukusudiwa. Tarakanishche, la mwaka 1923, ni kisa cha kombamwiko mwenye sharubu anayewatisha tembo na simba hadi shomoro anapomdonoa na kummeza. Lilitungwa kabla Stalin hajawa Stalin. Lakini Yevgenia Ginzburg anasimulia katika kumbukumbu zake jinsi kisa hicho kilivyosomewa mtoto huko Magadan, katika miaka ya uhamisho, na wakubwa waliokuwapo wakashtuka kwa walichokisikia. Mtoto alicheka kwa sababu anajua kombamwiko ni mdogo. Wakubwa walikuwa wamelisahau hilo.

Kuna mahali ambapo kipimo hiki kinamwendea Chukovsky mwenyewe vibaya, na mhakiki wa Afrika Mashariki hana ruhusa ya kukiruka. Katika Barmaley, la mwaka 1925, watoto wa Kirusi wanaonywa wasiende Afrika, bara la papa, sokwe na mla watu; jina la mla watu huyo lilichotwa kutoka mtaa mmoja wa Leningrad. Katika Aibolit, la mwaka 1929, daktari mwema anaitwa kwenda kuwatibu wanyama wagonjwa, na miongoni mwa mahali wanakoishi wametajwa Zanzibar, Kalahari na Limpopo. Majina hayo yamechaguliwa kwa utamu wa sauti, na kwa Kirusi yana utamu kweli. Ila Zanzibar ya 1929 ilikuwa na mji wa mawe, madarasa, na jarida la walimu lililoanzishwa mwaka 1927. Katika shairi haina mtu hata mmoja. Mbwa anayelia nyau humchekesha mtoto kwa kuwa mtoto anamjua mbwa. Mtoto wa Leningrad hakuijua Afrika. Kwake Afrika hiyo ya papa na mla watu haikuwa kinyume cha jambo lolote, bali ilikuwa habari, nayo ikapokelewa kama habari. Krupskaya alilalamika kwamba shairi la mamba halifunzi. Mashairi haya mawili yalifunza, na palipofunza ndipo palipoharibika.

Kasoro hiyo haikuyaua. Aibolit limeendelea kusomwa, na Limpopo imekuwa kwa Warusi wengi neno la utotoni kabla ya kuwa mto. Mtunzi mwenyewe alishambuliwa tena katika Pravda mwaka 1944, na mwaka 1946 kisa chake cha Bibigon kilikatishwa kikiwa kinachapishwa katika jarida la watoto. Alihamishia nguvu zake katika tafsiri na katika Nekrasov. Kijijini Peredelkino, nje ya Moscow, alijenga kwa fedha zake maktaba ya watoto iliyofunguliwa mwaka 1957, na watoto wa jirani walikuwa wakimfuata bila woga huku wakiighani mistari ambayo baba na mama zao walikatazwa kusomewa.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 80, alipewa Tuzo ya Lenin kwa kitabu chake juu ya ufundi wa Nekrasov. Mwaka huo huo alisafiri kwenda Uingereza kupokea shahada ya heshima ya udaktari wa fasihi. Chuo Kikuu kilichomtunuku kilikuwa Oxford, mji ambao karibu miaka 100 kabla yake mhadhiri wa hisabati alimtoa nyuki na kumweka mamba.